Ankara ya Mringaringa

Bwana Elingaya, umeuliza kwa simu
mbona bei imepanda ilhali mti bado umesimama.
Nakujibu kwa kalamu, mezani kwa Sifaeli,
vidole vikinuka utomvu na petroli.

Ulituita tuukate. Ulitembea juu ya vigae vipya
ukanionyesha majani yaliyoziba mfereji wa bati,
maua meupe yaliyoganda kwenye kioo cha gari,
ufa ukutani. Seremala wa Kiboriloni
alishakupigia hesabu ya mbao:
vitanda viwili, kabati, mlango wa mbele.
Nikakuomba siku moja.

Niligonga shina kwa nyundo ya mpira,
sikio kwenye gome kama mkunga:
ngo, ngo, ngo,
kisha mahali pamoja, upande wa machweo,
du.
Mlinzi wako Lemburis alicheka,
mama huyu anaupigia mti hodi.
Nikamwambia ndiyo, na wenyewe wamo.
Nyuki wawili wakatoka kunishuhudia.

Nilipanda saa mbili, mlima haujajifunika.
Sifaeli chini kashika uhai wangu kwa viganja viwili
na bado ananisimulia mechi ya jana.
Ukiwa juu, Rau ni nyingine:
bati jekundu, bati jekundu, bati la bluu,
halafu kiraka cha migomba
pale ambapo mtu bado hajauza.

Tawi kavu lililoegemea paa lako nililianza chini,
mkato mdogo, ndipo nikalijia kwa juu,
lisije likaondoka na ngozi ya mama yake.
Uvimbe wa kiungoni sikuugusa.
Kidonda cha mti hakishonwi,
mti hujifunika wenyewe, polepole,
kwa miaka ambayo wewe na mimi hatujaahidiwa.

La chini lilikuwa zima. Ulilazimisha wewe,
lipishe gari.
Hapo msumeno ukalia, na si kilio cha mbao.
Cheche. Meno manne yakaruka.
Ndani, kina cha kiganja, chuma:
kulabu nene kama kidole gumba,
imemezwa yote.

Ulikuja simu iko sikioni.
Ukaikata katikati ya neno la mtu.
"Hapa baba alitundika mizani ya kahawa."
Ukasema jioni gunia la mwisho likishashushwa
ulining'inia wewe, miguu hewani,
naye akisoma kwa sauti ya karani:
"Kilo kumi na tisa. Daraja la pili."
Ulicheka. Kisha ukaangalia viatu vyako
muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji.
Habari za mbao hukuzitaja tena, nami sikukukumbusha.
Sifaeli ndiye aliyeropoka:
"Mlango wako ungekuja na kitasa chake!"
Msamehe. Kamba anaishika vizuri.

Basi hesabu. Siku mbili badala ya moja.
Waya wa kufunga mashina pacha, usiwaachie upepo.
Ufa wa ukuta si mzizi, nimechimba nikaona:
msingi wako haufiki goti. Kamuulize fundi.
Vitawi tumevisaga tukavimwaga shinani,
Lemburis asivifagie, asivichome,
na saruji isisogee hapo hata toroli moja.

Sikuahidi mti wa milele.
Paliposema du bado panasema du.
Nitarudi masika yakiisha, nigonge tena.
Tawi la chini nimeliacha na jeraha lake,
gari litafute pa kulala.
Kulabu imechungulia nje, inang'aa palipokwaruzwa.
Usitundike kitu.

Mnyororo mpya wa msumeno, elfu themanini.
Huo haupungui.
Ule wa zamani umevunjika meno
ukitafuna utoto wako.